Mistari Miwili

Jumanne ni siku ya wenye mimba, hapa Ndosho.
Wanakuja na vikwembe vilivyofungwa chini ya tumbo,
viatu vimebeba vumbi jeusi la mlima,
na benchi langu fupi linalia kwa kila anayekaa.
Nachoma kidole. Tone moja.
Nasubiri dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani
ambayo inachelewa tangu Pasaka.

Mstari mmoja: nenda, mama, kapime uzito.
Mistari miwili: nafunga mlango.

Leo ni Kahambu. Mimba ya tatu, miezi mitano.
Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilizaliwa kimya.
Wakasema jirani, wakasema jicho,
wakasema alicheka sana kwenye matanga ya watu.
Hakuna aliyesema kaswende.
Kaswende ilimtoa kidonda kisichouma,
kikajifunga chenyewe kama duka la mdaiwa,
naye akamshukuru Mungu.

"Mficha uchi hazai," ananiambia, macho chini,
kana kwamba ni yeye aliyeficha.
Hukuficha, Kahambu.
Ulifichwa.

Mimi neno hilo nalijua kwa upande wake wa ndani.
Nilikuwa na miaka ishirini. Uchafu kidogo, homa ya siku mbili,
nikameza vidonge vya rangi mbili
kutoka beseni la mwuzaji wa Birere,
nikapona, au niliona kuwa nimepona.
Miaka sita baadaye daktari aliinua picha dirishani:
mirija, huku na huku, imeziba.

Kwetu Majengo kulikuwa na barabara.
Lava ilipita usiku mmoja, ikaenda zake.
Moto ukapoa, watu wakarudi, wakajenga juu ya mawe,
wakapanda maharage hata.
Lakini barabara ile, ukiiuliza ramani, ipo.
Ukiitembea, unagonga ukuta.
Ndivyo nilivyo. Siku zangu hazichelewi hata kwa usiku mmoja.
Yai linatoka, linafika penye jiwe,
linasubiri kidogo,
basi.

Haya simwambii Kahambu. Namwambia: sindano leo,
na nyingine mbili, Jumanne kwa Jumanne.
Huyu bado tunaweza kumwokoa.
Analia, na si kwa ajili ya sindano.
"Kasereka nitamwambiaje?"
Mumewe ni msukuma chukudu, mkono wake mwepesi,
atauliza ugonjwa umetoka wapi,
na mimi sina kipimo kinachotaja aliyetangulia.
Bila yeye kuchomwa, ninatibu ndoo iliyotoboka.

Nachukua karatasi yenye muhuri, naandika uongo:
*Baba wa kila mimba anapaswa kupimwa damu.*
Naisoma tena. Si uongo.
Ni sheria ambayo imechelewa, kama saa yangu.

Alikuja Alhamisi jioni,
chukudu kaiegemeza kwenye ua, magunia matatu ya makaa juu yake.
Hakukaa kwenye benchi. Alinyoosha kidole
kama mtu anayenyoosheshwa bunduki.
Tukaitazama saa.
Mistari miwili.
Akaikodolea kwa muda mrefu,
kama asomaye jina lake kwenye daftari la madeni,
kisha, bila neno, akafungua mkanda.

Penisilini ya takoni haina huruma.
Alishika ukingo wa meza, nikaona kiganja
kilichopasuliwa na mpini, makaa yamelala ndani ya nyufa,
na kwa sauti ndogo, ndogo kuliko mwili ule:
"Wale wawili wa kwanza. Ni mimi?"

Sijui, nikamwambia.
Ndilo jibu la kweli. Ningekuwa na "ndiyo" ningempa,
ingekuwa nyepesi kubeba.

Akatoka akichechemea.
Watoto wa jirani walikuwa wamepanda chukudu yake,
wanne, juu ya magunia, wanaendesha mahali palepale.
Hakuwafukuza.
Alisimama, kofia mkononi,
akangoja wafike walikokuwa wanakwenda.